Amepungua Mmoja

Jumanne saa mbili asubuhi, mwenye duka la kona alitandika gazeti kuukuu juu ya kaunta, akalaza mche wa sabuni ya kufulia, akapima kwa vidole kama alivyopima kwa miaka kumi na tisa, kisha akauzungushia uzi wa kukatia. Mteja wake, fundi cherehani wa mlango wa tatu, alitaka nusu mche. Uzi uliingia upande mmoja ukatokea upande wa pili, na mche ukabaki mzima. Mwenye duka akauangalia uzi, akauangalia mche, akarudia. Mara ya tatu alitumia kisu. Kisu nacho kilipita kama kinapita kwenye maji, na sabuni ikafunga nyuma yake bila kuacha hata mstari.

Fundi cherehani alikuwa na haraka. Akasema apewe wote, ile nusu isiyokuwa yake angeirudisha jioni. Walikuwa wameshaagana ndipo wote wawili walipokumbuka kwamba hiyo nusu nayo ingehitaji kukatwa.

Kufikia saa sita mchana ilijulikana kwamba hakuna kitu kinachogawanyika mjini. Mkasi wa fundi haukuingia kwenye kitambaa. Mwokaji aliuza mikate mizima tu. Hakuna aliyepiga kelele. Watu wa mji ule walikuwa wamezoea maji kukatika siku tatu na umeme siku nne, na jambo hili wakaliweka kwenye fungu hilohilo.

Sababu ilikuwa wazi kwa kila mtu. Jumatatu alasiri mchoraji wa mabango alikuwa amemaliza kuandika, kwenye ubao mkubwa mbele ya ofisi ya Mkuu wa mji, matokeo ya kuhesabu watu: WAKAZI WA MJI HUU NI 55,439. Ile tisa aliipaka rangi mara mbili kwa sababu ilichuruzika. Rangi ilipokauka, mji ukaanza kuifuata namba yake, kama mtoto anavyofuata jina alilopewa. Na namba yenyewe, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi aliwaeleza waliojali kuuliza, ilikuwa namba tasa. Haigawanyiki kwa chochote isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe.

Mwenye duka alikuwa mkaidi kwa kuzaliwa. Siku ya pili alimaliza hasira zake kwenye mche ule kwa msumeno wa mbao, na mche ukamsambaratikia wote kwa mpigo, ukawa chembe. Mwalimu alizihesabu kwa kijiti cha meno, leso imefungwa puani asije akapiga chafya. Ilimchukua siku tatu. Zilikuwa 55,439. Akaandika cheti chenye sahihi na tarehe, kikabandikwa dukani juu ya mizani.

Basi wakazoea. Nyumbani mkate uliwekwa katikati na kila mtu aliuma kwa zamu, kuanzia mkubwa. Kuuma kuliwezekana, maana anayeuma hagawi, anajichukulia. Wadogo ndio walioumia, wakawa wanapokea kitu chenye alama za meno ya ukoo mzima. Jumamosi wachezaji ishirini na wawili waliingia uwanjani na kushindwa kujipanga pande mbili. Wote wakasimama upande mmoja, wakafunga mabao arobaini na moja, na hakuna aliyefurahi. Mke na mume waliokuwa wakitaka talaka walipewa hati na hakimu, wakatoka kwa milango miwili, wakakutana jikoni kwao. Ndugu wanne waliorithi shamba walinyoosha kamba ya kupimia na kamba ikajirudi mikononi mwao kila mara.

Palitokea mtu akapendekeza kwamba mmoja ahame. Mwalimu akapiga hesabu ubaoni. Wakibaki 55,438, alisema, wataweza kugawana wawili wawili, lakini kwa watatu haitaingia, wala kwa wanne, wala kwa watano, mpaka wafike hamsini na tatu. Ndugu wanne wakasema haiwafai. Isitoshe, hakuna aliyejitolea kuhama.

Mtu mmoja alijua tatizo lilikuwa wapi. Alikuwa karani wa masjala, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyeazimwa na ofisi yake kwa siku kumi kwenda kuwahesabu watu wa mtaa wake mwenyewe. Tangu ubao uandikwe alikuwa akipita upande wa pili wa barabara, na akiulizwa kwa nini, alisema upande ule una kivuli. Haukuwa na kivuli.

Nyumbani kwa karani waliishi watu watano. Alikuwepo yeye, mkewe, binti yao wa miaka minane, na mama yake mzazi. Wa tano alikuwa dada yake mkubwa, aliyekaa chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama kichochoro. Dada huyo zamani alikuwa mwalimu. Alianguka darasani akiwa na chaki mkononi, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, mbele ya watoto sitini. Ilikuwa kifafa. Mwalimu mkuu alimwambia apumzike. Baba yao, ambaye bado alikuwa na mabinti wawili wa kuoza, alifunga mlango wa chumba cha nyuma na kusema ni kwa muda tu, mpaka wadogo zake wapate waume. Wadogo walipata waume. Baba alifariki. Mlango ukabaki vilevile, kwa sababu kila mmoja alidhani kuufungua ni zamu ya mwingine. Ilikuwa imetimia miaka tisa.

Inafaa isemwe hapa, maana karani mwenyewe asingeisema, kwamba ni dada huyo aliyembeba mgongoni kwenda shule msimu wa mvua, viatu vyake vikiwa vimening'inia shingoni. Ni yeye aliyemfundisha kugawanya kwa punje za maharage, akimgonga vidole kila anaposahau kuandika baki. Ukarani wote aliokuwa nao ulianzia mgongoni mwa mtu huyo, na alilijua hilo vizuri, na lilimkera kulijua.

Siku ya kuhesabu mtaa wao, msimamizi wa karani alikuwa baba mkwe wake, bwana mmoja mstaafu wa posta, aliyetembea na daftari la fomu kama aliyebeba mtoto mchanga. Mzee huyo alikuwa amemwoza bintiye bila kuambiwa habari za chumba cha nyuma. Asubuhi ile mke wa karani, akimfunga mumewe kifungo cha shati, alimwomba kwa sauti ndogo asimwaibishe mbele ya baba yake. Karani hakujibu, na asiyejibu amekubali.

Walifika mlangoni saa nne. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu akikoroga chai mbele, wa nyuma anajua ametia vijiko vingapi vya sukari. Dada alikuwa amekaa kitandani tangu alfajiri, amevaa gauni lake la buluu lililopigwa pasi, akisubiri kuitwa. Alikuwa amesoma kwenye gazeti la kufungia vitu kwamba kila mtu atahesabiwa, awe mzima, awe mgonjwa, awe mgeni.

"Kaya hii mko wangapi?" mkwe aliuliza, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Wanne, baba."

Mkwe akaandika wanne, wakaenda nyumba inayofuata. Nyuma, dada akavua gauni, akalikunja kwa mikunjo yake ya mwanzo, akalirudisha sandukuni.

Siku ya saba baada ya ubao kuandikwa, mama mzazi alimpelekea binti yake wa chumba cha nyuma mkate mzima ili aume wa kwanza. Kila siku alikuwa akifanya hivyo kwa siri, kwa kuwa aliona mtu aliyefungiwa ana haki ya kuuma wa kwanza. Siku hiyo dada alikuwa na njaa na mawazo yake yalikuwa mbali. Akachukua kisu kwa mazoea, akakata mkate vipande vitano. Vilikuwa sawa kabisa. Mama akavitazama, akasema afadhali, maana meno yake yamechoka, akachukua kimoja.

Maelezo yake ni mepesi. Mji ulikuwa unafuata namba, na dada hakuwemo kwenye namba. Haikumhusu.

Dada alimwuliza binti wa ndugu yake namba iliyoandikwa ubaoni ni ngapi. Mtoto akamwambia: shangazi, ni elfu hamsini na tano, mia nne thelathini na tisa. Dada akachukua kipande cha chaki kutoka kwenye kopo la vifungo, akaanza kuandika ukutani. Akagawa kwa mbili, akabaki mmoja. Kwa tatu, wakabaki wawili. Kwa nne, watatu. Kwa tano, wanne. Aliendelea hivyo, sita wakabaki watano, saba wakabaki sita, mpaka kumi na mbili, wakabaki kumi na mmoja. Kila namba aliyoijaribu, fungu la mwisho lilikuwa limekaribia kutimia likakosa mmoja. Ili asiseme jambo asilo na hakika nalo, alijaribu namba tasa zote kuanzia mbili hadi mia mbili thelathini na tatu, ambazo ni hamsini na moja. Hakuna iliyoingia. Ilimchukua mchana mzima na kuta mbili.

Kisha akaandika 55,440, na hapo mkono wake ukaenda mbio. Kwa saba, 7,920. Kwa nane, 6,930. Kwa tisa, 6,160. Kwa kumi na moja, 5,040, bila baki, bila baki, bila baki. Namba hiyo ilikuwa na vigawanyo mia na ishirini, na chini yake hakuna namba nyingine yenye vingi kiasi hicho. Ilikuwa namba karimu kuliko zote zilizoitangulia, na ilikuwa imekaa mlango wa pili tu kutoka kwenye ile bahili.

Alimwita ndugu yake asubuhi yake, kabla hajaenda kazini.

"Mdogo wangu, njoo uangalie hesabu."

Karani alisimama katikati ya chumba akasoma ukuta kutoka kushoto kwenda kulia, kama alivyofundishwa. Masikio yalimwaka moto.

"Amepungua mmoja," dada akasema.

"Ni kweli, dada."

Akatoka, akafika kazini dakika arobaini kabla ya wakati. Alikuwa amekimbia. Siku nzima alijitahidi kujisahaulisha, akapanga mafaili ambayo yalikuwa yameshapangwa, lakini kila alipoinamisha kichwa aliona mikunjo ya lile gauni, ambalo alikuwa ameliona siku ile kupitia ufa wa mlango na kujifanya hakuliona.

Siri haikudumu. Binti alikwenda shule na kipande cha mkate chenye kingo zilizonyooka, na mwalimu wa hesabu akakiona. Alasiri alikuwa kichochoroni, chini ya dirisha, na daftari la watoto tisini na wawili wa darasa la nne waliokuwa wakisoma chumba kimoja kwa sababu walikataa kugawanyika mikondo. Aliwaleta kesho yake wakiwa wamepanga mstari. Dada alinyoosha kidole kupitia nondo, nyinyi huku, nyinyi kule, wakawa mikondo minne ya watoto ishirini na watatu, wakaondoka wakiimba. Mwalimu huyo alimfahamu vizuri. Meza zao za walimu zilikuwa zikigusana enzi dada alipofundisha. Alimwambia asante, mwalimu, na hakuuliza kitu kingine.

Baada ya hapo kichochoro hakikukauka. Fundi cherehani alileta majora ya vitambaa, mwokaji akaleta mikate kwa mkokoteni, mwenye duka miche ya sabuni. Ndugu wanne walileta ramani ya shamba, dada akaikata kwa wembe, na shamba lenyewe likaonekana jioni limepitiwa na mifereji mitatu. Hakimu alimletea wale wanandoa. Dada aliwatazama, akawauliza kama bado wanataka. Waliangaliana, mume akasema labda wangoje kwanza, na wakarudi jikoni kwao. Watu walisema anagawa kwa haki kwa sababu hana upande. Wakampa jina la Dada wa Dirishani. Mke wa karani, ambaye sasa alikuwa akisalimiwa na watu ambao zamani hawakumjua, aliweka mabenchi mawili kichochoroni na ndoo ya maji ya kunywa. Katika wote waliopita pale, hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mtu huyo anaongea na watu kupitia nondo.

Alhamisi moja alianguka. Alikuwa ameshika mkasi juu ya shuka la mtu, na kifafa kikamshika. Mama yake akauweka mkasi mbali, akamlaza ubavu, akamwekea kanga chini ya kichwa. Nje palikuwa na watu kama arobaini. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyefunika mtoto macho. Mwanamke mmoja alifungua mwavuli kwa sababu ya jua. Mwanamume mwingine alitazama saa. Baada ya dakika ishirini dada akainuka, akanywa maji, akauliza zamu ni ya nani.

Karani alikuwa amesimama kwenye kona ya kichochoro na aliyaona yote. Miaka tisa walikuwa wamemficha mtu ili jambo hili lisionekane, na sasa lilikuwa limeonekana na watu arobaini, na lililowasumbua lilikuwa foleni. Ndipo haya ilipomshika barabara. Kabla ya siku hiyo alikuwa na kisingizio cha kuogopa watu. Sasa kisingizio kiliondoka, akabaki yeye na neno lake la mlangoni. Aliona haya, akakaa juu ya jiwe, na mtu wa mwisho kwenye foleni akamwambia asogee nyuma yake, wasije wakagombana.

Jumatatu akaja baba mkwe. Alileta sanduku la barua za marehemu mkewe, alizotaka kuwaachia wanawe wawili sawa kwa sawa. Dada akazigawa, akizingatia hata zenye machozi na zisizo na machozi. Mzee akafunga sehemu mbili kwa kamba, kisha akamgeukia mkwewe aliyekuwa akipanga mabenchi.

"Huyu ni nani kwenu?"

"Dada yangu, baba. Wa kwanza kuzaliwa."

Mzee alianza kuhesabu kwa vidole, polepole, midomo ikitembea: mama, wewe, binti yangu, mjukuu wangu. Alipofika kidole gumba akakishika, akakaa nacho.

"Ni mkono wangu ulioandika wanne," akasema.

"Ni mdomo wangu uliosema, baba."

Mzee akachukua barua zake, akaenda, na tangu siku hiyo akawa anaitikia salamu ya mkwewe akitazama pembeni.

Mkuu wa mji aliitisha mkutano. Mwalimu alisimama mbele ya ubao wa shule na kuonyesha mabaki yote kuanzia mbili hadi kumi na mbili, akihitimisha kwamba namba yenyewe inasema pana mtu mmoja hakuhesabiwa. Mkuu akauliza kwa upole ni nani aliyemwacha mtu nyumbani. Ukumbi ulikuwa na watu mia nne, na wote walikuwa wamewahi kufika kichochoroni. Wote wakatazama vidole vyao vya miguu. Fundi cherehani alikohoa, ikawa tu kikohozi. Karani alikuwa safu ya pili na alijua kwamba walio nyuma wanamtazama kisogo. Baada ya muda wa kutosha Mkuu alisema si neno, dirisha la masahihisho litakuwa wazi kila Ijumaa, ofisini, saa tatu mpaka saa sita. Kisha akamaliza kwa kuwashukuru wananchi kwa uvumilivu wao.

Ijumaa tatu zilipita na hakuna aliyekwenda. Jioni ya Alhamisi iliyofuata, watu wa foleni walipokwisha, dada alimwita ndugu yake chumbani.

"Kesho nenda ukaniandike."

Karani alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alimweleza, kwa maneno mengi, kwamba akiandikwa kila mtu atajigawia mwenyewe, na watu hawatakuja tena dirishani, na atarudi kuwa peke yake kama mwanzo.

"Wasije."

"Watakusahau, dada."

"Walishanisahau, na wewe ukiwemo, na sikufa." Alikuwa akifuta chaki mikononi. "Sikuomba kugawa mimi. Nataka niwemo."

Karani akasema atakwenda. Na alikwenda kweli, tumpe haki yake. Saa tatu kamili alikuwa kwenye dirisha la masahihisho, amenyoa, amevaa shati la kazini. Karani mwenzake wa upande wa pili alimpa fomu na kiti. Fomu ilikuwa ukurasa mmoja. Jina la aliyeachwa, akaandika. Mwaka wa kuzaliwa, akaandika. Uhusiano na mkuu wa kaya, akaandika dada, na herufi zilitoka nzuri. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: Sababu ya kutohesabiwa, iandikwe kwa mkono wa mkuu wa kaya. Na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba fomu itabandikwa kwenye ubao wa nje siku kumi na nne ili mwenye pingamizi asome.

Akaandika: alikuwa mgonjwa. Mwenzake akaisoma juu chini akamrudishia, wagonjwa wanahesabiwa. Akapewa fomu nyingine, akaandika: alikuwa safarini. Mwenzake hakumrudishia hiyo, alimtazama tu, kwa kuwa naye wiki iliyopita alikatiwa suruali mbili dirishani, na karani akaivuta akaichana mwenyewe. Ya tatu akaandika: nilisahau. Akaisoma. Mtu hasahau aliyembeba mgongoni. Akaichana hiyo pia. Kwenye ya nne alijaza yote ya juu, akafika kwenye mstari, na akaandika Nilimwonea, kalamu ikasimama. Lilikuwa limebaki neno moja la herufi nne. Alilijua, mkono wake ulilijua, na karatasi ilikuwa na nafasi ya kulitosha. Saa sita mwenzake akasema dirisha linafungwa, akamwuliza kama amemaliza. Karani aliikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni nyuma ya kalamu, akasema amekaribia.

Nyumbani alikuta wote wako chumba cha nyuma wakimsubiri, mlango ukiwa wazi. Mama alikuwa amekaa sakafuni. Mke alikuwa amemshika binti mabega.

"Wamesemaje?" mama akauliza.

"Nimemwandika."

Mama akamshukuru Mungu, mara mbili. Mke akavuta pumzi. Dada alimtuma binti akalete mkate na kisu. Akaviweka kwenye kijimeza, akavisogeza mbele ya ndugu yake.

"Kata."

"Wewe ndiye unayekata, dada."

"Sasa kila mtu anaweza. Elfu hamsini na tano, mia nne arobaini. Kwa watano inaingia bila baki." Sauti yake ilikuwa ile ya darasani, haina ukali. "Kata, mdogo wangu."

Karani alichukua kisu. Alipima kwa jicho, akakandamiza. Kisu kikaingia juu kikatokea chini, na mkate ukafunga nyuma yake. Alijaribu tena, polepole zaidi, kana kwamba kosa lilikuwa la haraka. Mkate ulikuwa mzima, haukuwa na hata mstari. Mama aliinamisha uso. Binti alitaka kusema jambo, mama yake akamminya bega. Karani aliendelea kushika kisu kwa sababu hakujua pa kukiweka.

Dada alikitoa mkononi mwake, kidole kimoja baada ya kingine. Akakata vipande vitano. Cha kwanza akampa mama, cha pili mtoto, cha tatu wifi yake, cha nne akampa yeye. Karani akakipokea kwa mikono miwili. Alikiangalia upande huu na upande ule, akitafuta kama amepunjwa, na moyoni akiomba awe amepunjwa. Kilikuwa sawasawa na vingine.

Nje mtu aligonga dirisha, akauliza kama bado wanapokea. Alikuwa na jora la kitambaa cheupe, watoto sita wa kushonewa. Dada akajifuta makombo, akainuka kufungua.